Rezista Moja kwa Kichana Kizima

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini betri ya saa.

Nilikuwa nimesimama kwenye kaunta ya duka moja la vifaa vya elektroniki katikati ya mji. Nilikuwa nimeagiza taa za LED, zile ndogo zenye kichwa cha plastiki na miguu miwili ya waya, na mwenye duka alikuwa akizijaribu moja moja. Alishika betri bapa ya mviringo, ya aina inayotiwa kwenye saa na kwenye rimoti ya gari, akaipitisha katikati ya miguu ya taa na kuibana. Taa ikawaka. Akaiangusha kwenye bahasha ya kaki, akachukua nyingine. Ndivyo wanavyouza katika mtaa ule. Mteja lazima aone kwa macho yake kwamba kitu kinafanya kazi, kwa sababu kikishavuka mlango hakirudi.

"Umeona?" aliuliza kwa kila taa, bila kuniangalia.

"Nimeona," nikajibu kwa kila taa.

Nilichoona mimi ni kwamba hakutumia rezista. Kila video niliyoitazama kwenye simu ilisema LED haiunganishwi bila rezista, kile kidude kidogo chenye milia ya rangi ambacho kazi yake ni kuubana umeme usipite mwingi. Na hapa palikuwa na mtu ambaye familia yake ilianza kuuza vitu hivi kabla baba yangu hajazaliwa, naye alikuwa anawasha taa kwa betri tupu. Nikaamua kwamba rezista ni ujanja wa kumuuzia mtu kitu cha ziada.

Niliamua haraka kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Rezista zilinikera. Mimi ni mtu wa woga, na woga wangu unatokea mikononi: kitu ninachokitengeneza lazima kinyooke, kilingane, kisiwe na mahali mtu anaweza kuweka kidole na kusema hapa je. Nilipozipanga LED mezani zilisimama kama wanafunzi kwenye foleni ya asubuhi. Nilipozitia rezista, kila moja ilining'iniza kiwavi.

Sikujua kwamba betri ya saa ni dhaifu sana, na kwamba huo udhaifu wake ndio unaofanya kazi ya rezista. Haina nguvu ya kuua kitu. Ningeweza kuuliza. Mwenye duka alikuwa mbele yangu, karibu vya kutosha kuona nywele za masikio yake. Lakini kuuliza ni kukubali mbele ya watu kwamba hujui, na nyuma yangu palikuwa na foleni ya mafundi.

Wakati huo nilikuwa nikiishi kwa dada yangu, katika mtaa wa Kabiria. Dada amenizidi umri kiasi kwamba alinibeba mgongoni kule nyumbani magharibi, na hajawahi kuacha kunikumbusha. Alikuwa amesuka nywele miaka mingi katika kibanda cha mabati kando ya barabara, na sasa alikuwa amepata chumba cha mawe chenye dirisha la kioo. Saloni ya kweli. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama ambazo hazikunipeleka popote, na nilikuwa nimeteka nusu ya meza yake ya chakula kwa waya, solda na redio zilizofunguliwa. Meza ile ndiyo ilikuwa shule yangu. Dada alikula ameshika sahani mapajani.

Kisha mteja wake mmoja, mama aliyekuwa akifanya kazi ya jikoni katika nyumba moja kubwa huko Karen, akamwambia kwamba mwajiri wake anatafuta kijana wa shamba. Kazi ya kukata nyasi, kufagia majani, kuosha mbwa. Kulala huko huko.

"Nimemwambia angoje kidogo," dada aliniambia, akichambua nywele kutoka kwenye kichana. "Saloni inafunguliwa Jumamosi. Niwekee taa kwa dirisha. Kitu cha kufanya mtu ageuze shingo akipita. Ikiwaka, ubaki na takataka yako hapo mezani, mimi sitasema kitu. Ikikataa, Jumatatu uko Karen."

"Itawaka, dada."

"Hata redio ya mama uliniambia itaongea."

Redio ya mama ilikuwa katikati yetu, tumbo wazi. Mama alikuwa ameituma irekebishwe na alikuwa anauliza habari zake kila alipopiga simu.

Nilichora kichana. Kichana kikubwa cha meno kumi, kwenye ubao mwembamba nilioupaka rangi nyeusi, na kwenye ncha ya kila jino LED nyeupe. Nilipima nafasi ya matundu kwa rula, nikatoboa, tundu moja likaenda kando upana wa uzi, nikatupa ubao nikaanza na mwingine. Umeme ungetoka kwenye adapta ya ruta ya zamani ya intaneti, ya volti kumi na mbili. Kabla ya kufunga chochote nilichukua LED moja nikaigusisha kwenye waya za adapta, jinsi nilivyoona dukani.

Iling'aa kwa rangi ya samawati, ikalia kama chawa anayepondwa kwa kucha, ikafa. Chumba kikanuka plastiki iliyoungua. Nikajiambia hiyo ilikuwa mbovu. Nikajaribu ya pili. Nilipoua ya tatu nilikuwa nimeshakasirika, na mtu mwenye hasira huwa na hakika. Nilizifunga maiti zote tatu kwenye karatasi nikarudi mjini.

Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku ya kwanza. Mwenye duka, mzee mwembamba wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kamba, alizimwaga kiganjani.

"Hizi ni mbovu," nikasema.

Aliinua moja akainusa. "Uliweka kwa kitu gani?"

"Adapta."

"Ya ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na rezista?"

Fundi wa simu aliyekuwa nyuma yangu alicheka kwa pua.

"Muone huyu," mzee akaiambia foleni. "Amechoma watoto wangu, saa hii ananiletea maiti. Mimi niko na mochari hapa?"

"Lakini wewe mwenyewe hukuweka rezista," nikasema. Nilisikia sauti yangu ikipanda kama ya mtoto. "Ulijaribu na betri peke yake. Niliona."

"Hii?" Akainua ile betri bapa. "Hii ni babu. Hana meno. Ameshika mkono wa mtoto wanatembea. Wewe umeona hivyo, umeenda kumpatia mtoto kwa ng'ombe dume ashike."

Walicheka wote, hata mlinzi wa mlangoni. Nikafanya ninachofanya kila ninapochekwa: nikajifanya ninajua zaidi ya nilivyojua. Nilikuwa nimejifunza hesabu kwenye simu. Unachukua volti za adapta, unatoa volti ambazo taa inatumia, kinachobaki unakigawa kwa kiasi cha umeme unachotaka kipite. Nikaifanya palepale kichwani, si kwa taa moja bali kwa zote kumi kwa pamoja, kwa sababu nilikuwa nimeshaona picha yake: rezista moja nene, imefichwa nyuma ya ubao, na mbele pasafi. Nikaagiza LED nyingine za kujazia zilizokufa, na rezista moja kubwa nyeupe ya saruji, yenye umbo la kipande cha chaki.

"Moja?" mzee akauliza.

"Moja."

"Ya taa zote?"

"Ya zote."

Alinitazama juu ya miwani. Kisha akamtazama fundi wa simu, na fundi wa simu akatazama dari.

"Sawa, bosi," mzee akasema. "Wewe unajua kazi yako."

Nilitoka dukani nikijiona nimeshinda.

Nilifanya kazi siku tatu, na nasema bila aibu kwamba ilikuwa kazi safi. Viungo vya solda viling'aa kama shanga. Waya nilizilaza sambamba, nyekundu juu, nyeusi chini. Ile rezista niliibana nyuma kwa kipande cha bati. Nilipowasha, kichana kizima kiliwaka, na kitu kifuani mwangu ambacho kilikuwa kimekunja ngumi tangu matokeo ya mtihani kikaanza kulegea.

Halafu nikaona jino la tatu kutoka kushoto. Liling'aa kuliko mengine.

Lilitoka kwenye zile LED nilizoongeza baadaye. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini taa moja, kwenye waya uleule na rezista ileile, ipate mwanga zaidi. Mimi sikuona swali. Niliona doa. Niliona wanawake wa saloni wakiinua vidole: na hiyo je? Nikazima, nikafungua sanduku la dada, nikatoa chupa yake ya rangi nyeupe ya kucha, na nikalipaka lile jino. Likakauka. Nikapaka mara ya pili. Nilipowasha tena, meno yote kumi yalikuwa sawasawa. Nikazima haraka nikafunika ubao kwa leso. Nilijua nikiendelea kukitazama nitapata doa lingine.

Hivyo kichana kile hakikuwahi kuwaka kwa muda mrefu hata siku moja kabla ya Jumamosi.

Ilikuwa Julai, na Jumamosi ile ilikuwa na lile wingu la Julai linaloshuka hadi kwenye mabati na kukaa. Saa tisa mchana saloni ilikuwa na kiza cha kutosha. Wanawake walikuja na viti vyao. Palikuwa na soda, na chai ya maziwa ndani ya jagi kubwa, na mandazi chini ya kitambaa. Mama mmoja wa kanisa, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara, aliombea viti, vioo, mashine ya kukausha nywele, mikono ya dada, na vichwa vyote vitakavyopita chini ya mikono hiyo. Aliposema amina nilichomeka adapta.

Kichana kikawaka dirishani. Watu wakasema "Ehe." Watoto wawili waliokuwa wakipita nje wakasimama. Dada alinitazama, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa kunigeukia juu ya bega nikiwa mgongoni. Ninaukumbuka vizuri kuliko yote yaliyofuata.

Kwanza ilikuja harufu. Kisha jino la tatu likafifia, likawa la samawati, likazimika.

"Limeng'oka," mama mmoja akasema akitafuna.

"Ni la maziwa hilo," akajibu mwenzake. "Litaota lingine."

Nilijiambia kwamba tisa zinatosha. Lakini umeme uliokuwa ukipita katika jino lile haukuwa umekwenda nyumbani. Uligawanywa kwa yaliyobaki, na yaliyobaki yakang'aa zaidi, na lililokuwa dhaifu kuliko yote likafuata. Jino la nane. Halafu la kwanza.

"Ngoja, hilo lingine."

"Huyu mzee anaishia kunywa uji."

"Mama kanisa, hebu rudia maombi, hayakufika kwa dirisha."

Walicheka hadi wakashikana mabega. Ningeweza kuchomoa adapta. Ilikuwa mkononi mwangu kabisa. Lakini kuchomoa kungekuwa kuzima yaliyobaki kwa mkono wangu, na nilibaki pale nikiyaomba. Yalianza kufa kwa haraka, moja kabla mtu hajamaliza kulicheka lililotangulia. Mawili ya mwisho yaling'aa kwa nguvu ya kutisha, weupe wa kuumiza macho, yakaenda pamoja.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa dada. Nilimwelewa hata wakati ule. Duka ni lake, siku ni yake, na alitaka kicheko kianze kwake ndipo kisimwangukie. Aliutoa ubao dirishani, akausogeza puani, na kicheko kikabadilika.

"Hii ni rangi yangu ya kucha," akasema.

Saloni ikanyamaza ili isikie vizuri.

"Umepaka balbu rangi ya kucha?"

"Moja tu," nikasema. "Ilikuwa inang'aa kuliko wenzake."

"Jamani." Dada aliugeuza ubao watu waone. "Mnamsikia? Nimemwambia aniletee mwanga. Ameupata, ameona ni mwingi, ameupaka rangi. Na ni ile ya bei, si ile nyingine."

"Angemtia na nywele za bandia," mtu akasema nyuma.

Yule mama wa Karen alikuwa ameketi karibu na mlango na soda yake. Alinitazama kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma zaidi. "Nyasi hazina waya," akasema. "Huko utapumzika."

Nilinyoosha mkono nichukue ubao wangu. Dada aliurudisha dirishani, umekufa vile vile, akaunyoosha kwa kidole hadi ukakaa sawa.

"Kikae hapo," akasema. "Wateja wapate cha kucheka wakisukwa."

Jumatatu, kabla sijaamka, alikuwa ameshaondoa vitu vyangu mezani. Alivitia kwenye gunia la unga, waya na solda na redio ya mama, akatandika kitambaa cha maua na kuweka sahani yake juu yake. Alikula ameketi mezani. Hakusema kitu kibaya asubuhi ile. Hakuwa na haja.

Karen nilipewa chumba nyuma ya nyumba, chenye dirisha linalotazama banda la mbwa. Nyasi za pale ni nyingi kiasi kwamba ukimaliza upande mmoja ule mwingine umeshaota. Nilijitesa kwa namna yangu. Nilikata kingo kwa kufuata kamba niliyoivuta, nikimaliza ninarudi kukagua, na mwajiri akasema nina bidii. Nilikuwa naliona jino la tatu kila mahali: ua moja lililozidi urefu, jiwe moja la njia lililo jeupe kuliko mengine.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda mjini, kwenye duka lile. Safari hii nilisubiri hadi foleni ikaisha.

"Bosi wa rezista moja," mzee akasema. Alikuwa hajanisahau.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza mara mbili. Ulinijibu kama hakimu." Aliegemea kaunta, na uso wake ukachangamka. "Ebu niambie. Zilienda zote mara moja ama zilifuatana?"

"Zilifuatana."

"Polepole, halafu mbio?"

"Mbio."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu ambaye timu yake imefunga bao. "Na ya kwanza? Ilikuwa inawaka zaidi?"

"Nilikuwa nimeipaka rangi," nikasema. Sijui kwa nini nilimwambia. Nadhani nilitaka yaishe yote mara moja. "Rangi ya kucha. Ili ilingane na zingine."

Alivua miwani. Alicheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, kwa muda mrefu, akapangusa macho kwa tai yake. Alipomaliza alinieleza kwa maneno machache, akizibonyeza taa mbili kwenye betri yake ili nione tofauti. LED si mapacha, hata zikitoka sanduku moja. Moja hufunguka kwa volti kidogo kuliko nyingine. Ukizipa zote rezista moja, ile iliyo rahisi kufunguka inakunywa ya wenzake, inapata joto, na joto linaifanya ifunguke zaidi, inakunywa zaidi, inakufa. Wenzake wanarithi. Kila taa inapokuwa na rezista yake, hakuna inayoweza kunyang'anya.

"Ile moja ilikuwa inakuambia," akasema. "Ilikuwa inapiga kelele. Wewe ukaiziba mdomo."

Safari hii niliuliza. Niliuliza rezista ziwe za ngapi, akasema kwa adapta yako na taa nyeupe, omu mia nne na sabini. Niliuliza zikae mguu gani, mrefu au mfupi, akasema wowote, hazijali. Niliuliza swali la kijinga kabisa ambalo siwezi kuliandika hapa, na alilicheka, na alilijibu.

Nilitengeneza kichana kingine chumbani kwangu Karen. Meno kumi, rezista kumi. Hakikuwa kizuri. Viwavi vilijaa nyuma yake na viwili vilichungulia pembeni, na niliviacha. Nilikiwasha asubuhi nikienda kazini na niliporudi jioni kilikuwa kinawaka, vuguvugu, meno yote. Moja lilikuwa na mwanga uliozidi kidogo. Nililitazama kwa muda, nikaligusa, halikuwa moto. Nalo nikaliacha.

Nikakipeleka Kabiria, kimefungwa kwenye leso.

Saloni ilikuwa imejaa. Kile kichana kilichokufa bado kilikuwa dirishani, na mtu alikuwa amekipangusa vumbi. Dada alikuwa anasuka, hakugeuka. Nilikichomeka kipya mbele yake, kikawaka.

"Ni kizuri," akasema. Aliendelea kusuka. "Lakini kile hakitoki."

"Dada, kile kimekufa."

"Najua kimekufa. Watu wanaelekezana nacho. Ukishuka hapo stendi, uliza saloni ya kichana kimekufa." Mwanamke aliyekuwa akisukwa akacheka akiwa ameinamishwa kichwa. Alisema hata yeye alielekezwa hivyo. "Nilitaka kitu cha kugeuza shingo," dada akasema. "Hiyo yako ya kuwaka, kila mtu yuko nayo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo rudi nayo kabla mvua haijakushika."

Nilisubiri aseme jambo kuhusu meza. Alinyoosha mkono nimpe kichana, cha plastiki, cha kusukia. Nikampa.

Kichana changu kinachofanya kazi kiko dirishani mwangu Karen, na wanaokiona ni mbwa. Redio ya mama bado haijaongea. Ninakata nyasi siku sita kwa wiki, na meza ya dada ina kitambaa cha maua. Kilichobadilika ni hiki: siku hizi kila taa ninayoiunganisha ina rezista yake, na nikiona moja inang'aa kuliko wenzake, nauliza kwa nini kabla sijagusa kitu.